KODI NDANI YA KODI: HISTORIA YA VYUMBA VYETU KUMI



 Kamati ilipotugawia kurasa za kitabu hiki, wengine walipewa mapishi, wengine ufugaji wa kuku, na sisi wa uongozi tukapewa historia ya nyumba za kikundi. Tumekubali. Lakini tumekubaliana pia kwamba hatutaandika historia ya kujisifu. Tutaandika na pale tulipojikwaa, maana mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu mpangaji analipa kodi, na serikali nayo inatoza kodi. Neno ni moja, mifuko ni miwili. Sisi akina mama tuliposikia "kodi ya nyumba" tulifikiri hela yote ni yetu. Kumbe ndani ya kodi ile kulikuwa na kodi nyingine imelala.

NYUMBA ILIANZA KUTOZWA ZAMANI

Kodi ya nyumba haikuanza na kompyuta wala na LUKU. Wajerumani walitoa amri ya kodi ya kibanda mwaka 1897, na mwaka 1898 wakaanza kukusanya. Kila kibanda kilitakiwa kulipiwa rupia 3. Asiyekuwa na rupia alipeleka mazao au alifanyishwa kazi. Hapo ndipo watu wengi walipoanza kutoka kwao kwenda kutafuta kibarua, si kwa kupenda, bali kwa sababu nyumba anayolala imeanza kudaiwa.

Waingereza walipochukua nchi waliendelea na kodi ya kibanda na kodi ya kichwa. Mwanamume mwenye wake watatu alihesabiwa nyumba tatu. Angalieni jambo hili, akina mama wenzetu. Nyumba ilikandikwa na mwanamke, maji alichota mwanamke, moto aliwasha mwanamke, lakini kwenye daftari la kodi yeye alikuwa hesabu tu ya kumwongezea mume deni. Jina lake halikuwemo.

Hata hivyo hawakukaa kimya siku zote. Huko Upare mwaka 1945 watu walikataa kodi mpya iliyoitwa mbiru. Wanaume walikwenda kukaa Same kudai ifutwe, na baadaye wanawake nao wakashuka kutoka milimani kwenda kuwaunga mkono. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba habari ya kodi ni ya wanaume.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mke wa kiongozi alihesabiwa pamoja naye. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Kwa hiyo sisi tuliozaliwa miaka ile tulikua tukisikia kwamba mwenye nyumba ya kupangisha ni kabaila. Mikopo ya nyumba ilikuwa kazi ya Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, nayo ikaanguka mwaka 1995. Mtu wa kijijini alijenga kidogo kidogo, tofali kwa tofali, na nyumba ikachukua miaka kumi kumalizika.

Mwaka 1991 masharti ya uongozi yalilegezwa kule Zanzibar, kupangisha nyumba kukawa si aibu tena. Mwaka 1996 Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, ikaanza kazi. Na wengi wetu tunakumbuka vizuri kodi ya maendeleo, ile tuliyoiita kodi ya kichwa. Mgambo wakionekana barabarani, wanaume wanaingia kwenye mahindi, na mama anabaki mlangoni kusema "hayupo, amesafiri." Kodi ile ilifutwa mwaka 2003. Lakini tabia ya kusema "hayupo" ilibaki kwetu, na mtaona mbele ilivyotaka kutuponza.

Jambo kubwa kwetu sisi ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Sheria hiyo inasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume. Basi jina letu likaweza kuandikwa kwenye hati. Tulifurahi sana. Hatukukumbuka kwamba jina likiingia kwenye hati, linaingia na kwenye daftari la kodi.

TULIVYOANZA

Kikundi kilianza mwaka 2015. Wakati huo Nanyala ilikuwa bado Mkoa wa Mbeya, kwani Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016. Tulikuwa wanawake 24, wengi wakulima wa mahindi na kahawa, wengine wauza nyanya na ndizi pembeni ya barabara kuu iendayo Tunduma. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000 kwa wiki. Tulikuwa na sanduku la kufuli tatu, na funguo zilikaa kwa watu watatu tofauti. Utaratibu huu wa hisa na sanduku wafadhili wanaufahamu. Shirika la CARE liliuanzisha na wanawake wa Niger mwaka 1991, na baadaye ukaenea Afrika nzima.

Mwaka 2018 tulijenga vyumba vinne vya kulala kwa hela yetu wenyewe, bila deni. Chumba kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na waliopanga walikuwa walimu na vijana wa kazi. Shilingi 80,000 kila mwezi! Tuliona tumefika. Mkataba hatukuwa nao. Mpangaji alileta hela mkononi, tukaandika kwenye daftari la shule, basi.

Mwaka huohuo 2018 ilitungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, ikataka vikundi kama chetu visajiliwe. Tulisajiliwa kupitia halmashauri. Siku ile tulipewa cheti, tukakiweka kwenye fremu ya kioo. Sasa tukawa tunajulikana.

MKOPO WA MWAKA 2022

Tamaa njema ikaingia. Kiwanja chetu kinatazama barabara, na malori hayalali. Tukasema, tujenge fremu sita za maduka. Kuta tulisimamisha wenyewe. Kwa paa, milango na sakafu tulikopa benki shilingi 8,000,000 mwezi Septemba 2022, kulipa kwa miezi 36 kuanzia Oktoba, riba asilimia 18 kwa mwaka kwa deni linalopungua. Rejesho lilikuwa shilingi 289,200 kila mwezi.

Benki ilitaka dhamana yenye hati. Kiwanja cha kikundi hakikuwa na hati inayofaa. Mwenzetu mmoja, tutamwita mama wa Tunduma kwa kuwa nyumba yake iko huko, akasimama kikaoni akasema, "Wekeni ya kwangu." Nyumba ile yeye na mume wake wanaishi chumba kimoja na vingine wanapangisha. Ndiyo jasho lao lote.

Hapa tuliona sheria ikigeuka sura. Zamani tulizoea kusikia mume ameweka nyumba rehani, na mama anajua siku matangazo ya mnada yanabandikwa mlangoni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kutoa nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Ardhi nayo inaitaka benki kuhakikisha ridhaa hiyo ipo. Safari hii hati ilikuwa ya mama, na baba ndiye aliyeitwa benki kuulizwa kama anakubali. Alisaini. Alipotoka alisema maneno machache tu: "Shemeji zangu, msije mkanilaza nje."

HESABU TULIYOKOSEA

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Fremu sita kwa shilingi 40,000 ni 240,000. Vyumba vinne ni 80,000. Jumla 320,000 kwa mwezi. Toa rejesho 289,200, inabaki 30,800. Tulipiga makofi. Mhasibu wetu alicheza.

Hatukuweka kodi ya serikali. Kwa mpangishaji mkazi kodi ya zuio kwenye pango ni asilimia 10. Mpangaji ndiye anayeizuia, anaipeleka TRA kwa jina la mwenye nyumba, na mwenye nyumba anapata hati ya kuonyesha kwamba imelipwa. Sisi wapangaji wetu hawakuzuia, nasi hatukuuliza. Asilimia 10 ya 320,000 ni 32,000. Toa 320,000 kwa 32,000, inabaki 288,000. Rejesho ni 289,200. Mnaona? Hata fremu zote zikijaa, hata pasivunjike bawaba moja, tulikuwa tunapungukiwa shilingi 1,200 kila mwezi tangu siku ya kwanza. Ile hela tuliyoipigia makofi haikuwa yetu.

Miezi mitatu ya kwanza tulilipa benki kutoka kwenye hisa. Januari 2023 fremu zote zikapata watu. Aprili mvua ikabomoa shimo la choo, tukatengeneza kwa shilingi 310,000. Mei wapangaji wawili wakahama, na fremu zao zikakaa wazi miezi minne. Tulikuwa tunategemea mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ikausitisha ili kupanga utaratibu mpya, ukarudi mwaka 2024. Kila tulikoegemea palikuwa wazi.

Agosti 2023 redio na vijiwe vyote vikawa na habari moja: wapangaji wanatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango. Watu walidhani ni kodi mpya ya kumwongezea mpangaji mzigo. Sivyo. Kodi ile ni ya mwenye nyumba, mpangaji ni mkono wa kuipeleka tu. Na kwenye fremu za biashara ilikuwepo tangu zamani. Tukapiga hesabu ya kuanzia Januari: miezi minne kwa 32,000, na miezi minne ya fremu mbili wazi kwa 24,000. Jumla 224,000 tulizokula bila kujua.

Septemba barua ya benki ikaja. Marejesho mawili yamechelewa. Tukielekea huko huko, sheria inataka benki impe mwenye dhamana notisi ya siku 60, na baada ya hapo inaweza kuuza. Mama wa Tunduma hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi la nyuma, ameshika khanga mdomoni. Hiyo ilituumiza kuliko matusi.

KIKAO CHA SEPTEMBA 2023

Kikao kile kilianza saa nane mchana, kikamalizika na taa. Jambo la kwanza lililoletwa mezani lilikuwa lile la "hayupo, amesafiri." Baadhi yetu walisema, tuandike mikataba ya uongo. Fremu ya 40,000 tuiandike 15,000. Nani atajua? Tusiwafiche, sisi wa uongozi wengine tulikuwa upande huo.

Bibi mmoja mwanachama, ambaye hata darasa la nne hakufika, akauliza maswali matatu. Mpangaji akikataa kulipa, tutakwenda baraza na karatasi gani, ya 15,000 au ya 40,000? Tukirudi benki kuomba tuongezewe muda, tutaonyesha mapato gani? Na mpangaji anayejua uongo wetu, siku tukimtoa kwenye fremu atanyamaza? Kikao kikawa kimya. Tulipiga kura: 11 walitaka uongo, 13 walitaka ukweli. Tofauti ni watu wawili tu. Tunaiandika hapa ili watoto wetu wajue kwamba haikuwa rahisi.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Tulivunja sanduku kabla ya wakati. Mgao wa Desemba, ambao kila mama alikuwa ameshaupangia sare za shule na mbolea, haukugawiwa. Ulikuwa shilingi 1,320,000, wastani wa 55,000 kwa kila mmoja. Tulilipa benki marejesho mawili, 578,400. Tulilipa kodi 224,000. Zikabaki 517,600. Humo tukatoa riba ya kuchelewa, na kilichosalia tukakiita akiba ya nyumba, kwa sanduku lake na kufuli zake. Krismasi ile wengi wetu tulikula maharage. Wawili walijitoa kwenye kikundi, na hatuwalaumu.

TULIYOJIFUNZA OFISI YA KODI

Tulikwenda kuuliza, watu watatu, na madaftari yetu ya shule. Tulikwenda tukitetemeka, tukakuta ni watu wa kuelewana. Tulichojifunza tunakigawa bure.

Kwanza, kodi ya zuio hukatwa kwenye pango zima. Haiulizi kama una deni benki. Kwa hiyo kabla ya kukopa, toa asilimia 10 kwanza, ndipo uone kama kinachobaki kinatosha rejesho.

Pili, kwa yule anayetunza hesabu na kukadiriwa kwa faida, riba ya mkopo uliojengea nyumba ya kupangisha ni gharama, inatolewa kabla ya kuhesabu faida. Matengenezo nayo vilevile. Lakini deni lenyewe unalorudisha si gharama. Mfano ni wetu: rejesho la kwanza la 289,200 lilikuwa na riba 120,000 na deni la msingi 169,200. Kinachohesabika ni ile 120,000 tu. Na kila mwezi riba inapungua, maana yake gharama yako ya kuhesabika inapungua ilhali rejesho ni lilelile. Omba benki karatasi inayotenganisha riba na deni, uitunze. Bila karatasi, maneno matupu hayahesabiki.

Tatu, mkataba wa pango uandikwe na ulipiwe ushuru wa stempu. Na hati za kodi ya zuio mdai mpangaji, ziweke pamoja. Hiyo ndiyo risiti yako kwamba umeshalipa.

Nne, kodi ya majengo ni jambo jingine. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na Julai 2023 ikawa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kule mjini Tunduma mwenzetu aligombana na mpangaji wake kwa sababu mpangaji ndiye anunuaye umeme. Mpangaji alikuwa na haki. Kodi ile ni ya mwenye jengo. Siku hizi kwenye pango anampunguzia hela iliyokatwa, na ugomvi umekwisha.

Tano, sheria ya fedha hutungwa kila mwaka, na viwango hubadilika. Kila Julai tunatuma mtu kuuliza, kwani nauli ya kwenda kuuliza ni ndogo kuliko faini.

Kupanga kodi si kukwepa kodi. Kukwepa ni kujificha kwenye mahindi. Kupanga ni kujua kabla ya kukopa nani atakula kwanza. Nyumba ya kupangisha yenye mkopo ina midomo mitatu mbele yako: serikali, benki, na nyumba yenyewe inayotaka bati na choo. Wewe mwenye nyumba ni wa nne.

MWISHO WA DENI

Septemba 2023 fremu mbili zilizokuwa wazi zilipata fundi cherehani na wakala wa fedha za simu. Januari 2024 tulikaa na wapangaji wa fremu, tukawaonyesha hesabu, wakakubali 45,000. Tangu hapo zikijaa zote tunapata 350,000. Kodi ni 35,000, na wakati wa deni rejesho lilikuwa 289,200, zikabaki 25,800 za matengenezo. Si nyingi, lakini ni zetu kweli. Na mwezi ambao fremu ilikuwa wazi, kila mwanachama aliongeza hisa mbili.

Septemba 2025 tulilipa rejesho la 36. Hati ya nyumba ya Tunduma ilirudi kwa mwenyewe. Tulikodi Noah, tukampelekea kwake, na mume wake alikuwa mlangoni anatungoja. Alisema, "Nimelala ndani miaka mitatu, ahsanteni." Tukacheka, na wengine tukalia.

Bibi zetu walitozwa nyumba ambazo hazikuandikwa majina yao. Sisi majina yetu yameandikwa, na kodi tunailipa wenyewe, kwa risiti. Mgeni akibisha hodi kwenye vyumba vyetu kumi na kuuliza mwenye nyumba, hakuna anayejibu kwamba amesafiri. Tunasema, "Karibu, ndio sisi."



Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama
Nanyala